Ngozi inayotupwa ni mali, ila yenye kromi isiguse chakula

KWA miaka kadhaa wakazi wa Shinyanga walishuhudia jambo ambalo wazee wao hawakulijua. Punda, mnyama wa kubeba maji, mkaa na viroba vya mawe ya dhahabu, aligeuka kuwa mnyama wa machinjio. Si nyama yake iliyokuwa ikitafutwa hasa. Kilichotafutwa ni ngozi, ambayo ilipelekwa China, ikachemshwa na kugandishwa kuwa kitu kinachoitwa ejiao, ambacho Wachina wengi hukitumia wakiamini kwamba kinaongeza damu na nguvu mwilini.

Desemba 2021 Serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara hiyo, na machinjio yaliyokuwa na leseni, ya Shinyanga na ya Dodoma, yakaambiwa yaache. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, wakakubaliana kuisimamisha biashara ya ngozi ya punda barani kote kwa miaka 15. Sababu yake iko wazi. Punda jike hubeba mimba kwa karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Kwa majirani zetu Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilibaini kwamba kati ya mwaka 2016 na 2018 punda 301,977 walichinjwa, sawa na asilimia 15.4 ya punda wote wa nchi hiyo. Hakuna zizi linaloweza kuhimili kasi ya namna hiyo.

Sisi tunaunga mkono marufuku hayo. Familia ya Kishapu au ya Nyang'hwale ikimpoteza punda, mzigo wa maji unarudi kichwani kwa mama na watoto. Hata hivyo, lipo fundisho moja katika biashara ile ambalo tusiliache lipite. Mnunuzi alivuka bahari kuja Shinyanga kufuata ngozi, akailipia, kwa sababu ndani ya ngozi kuna jelatini. Wakati huo huo ngozi za ng'ombe, ambazo zina kitu hicho hicho, zilikuwa zikioza kwenye mashimo nyuma ya makaro ya kuchinjia katika mikoa ile ile. Nyingine bado zinaoza hadi leo.

Ndiyo maana tunaona ni wakati mwafaka wa kulizungumza suala la kutengeneza jelatini ya kuliwa kutokana na mabaki ya ngozi. Ni jambo linalowezekana. Lakini ni jambo lenye sharti moja ambalo likivunjwa, tutakuwa tumewalisha watu sumu.

Jelatini ni nini?

Kila anayekunywa supu ya makongoro asubuhi pale Katoro au Kagongwa anaijua jelatini, hata kama hajawahi kulisikia jina lenyewe. Supu hiyo ikiachwa usiku kucha kwenye ubaridi, asubuhi hukutwa imeganda na inatikisika ndani ya sufuria. Ukiipasha moto inayeyuka tena. Kinachoigandisha ndiyo jelatini.

Inatokana na protini iitwayo kolajeni, ambayo ndiyo inayoshikilia ngozi, kano na mifupa ya mnyama. Ngozi mbichi ya ng'ombe ina maji kiasi cha asilimia 60 hadi 65, na protini zaidi kidogo ya asilimia 30. Sehemu kubwa ya protini hiyo ni kolajeni. Ukiilainisha kwa chokaa au asidi, ukaiosha, kisha ukaipasha moto kwenye maji, kolajeni huvunjika na kuwa jelatini.

Duniani jelatini hutumika kwenye pipi laini, mtindi, aiskrimu na ganda la vidonge vya kapsuli. Karibu nusu ya jelatini yote inatokana na ngozi ya nguruwe, na sehemu kubwa ya iliyobaki inatokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Kwa maana hiyo, jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali ina soko lake la pekee. Mwislamu wa Zanzibar, wa Mombasa au wa Muscat hawezi kuila ile ya nguruwe, na wenye viwanda wanaowauzia Waislamu wanalijua hilo. Wanachodai ni cheti kinachoonyesha ngozi ilikotoka.

Kiwandani kazi huenda hivi. Ngozi huoshwa na kukatwa vipande, kisha hulowekwa kwenye maji ya chokaa kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo huoshwa hadi chokaa iishe, na kupashwa moto kwa awamu. Awamu ya kwanza, ya nyuzijoto 50 hadi 60 hivi, ndiyo hutoa jelatini bora yenye kuganda kwa nguvu. Kila joto linavyopandishwa, jelatini inayotoka huwa dhaifu na yenye rangi nzito zaidi. Supu hiyo huchujwa, hupunguzwa maji, huuliwa vijidudu kwa joto kali la sekunde chache, hugandishwa, hukaushwa kwa hewa safi na kusagwa. Mnunuzi hupima nguvu ya kuganda, na bei hufuata kipimo hicho.

Kovu halina neno

Hapa ndipo tunapotaka mfugaji na mfanyabiashara mdogo wasikilize kwa makini.

Kwa miaka mingi ngozi ya Usukumani imekuwa ikishushwa daraja kwa sababu zile zile. Ng'ombe amepigwa chapa ya moto ubavuni, mahali ambapo ngozi ni nzuri kuliko kwingine. Amechanwa na miiba ya migunga. Ameng'atwa na kupe kwa sababu josho la kijiji halifanyi kazi. Amepigwa fimbo njia nzima kutoka mnadani. Fundi wa viatu anaitazama ngozi hiyo, anaona makovu, anaiita daraja la nne au anaikataa kabisa.

Kwa mtengenezaji wa jelatini, makovu hayo si tatizo kubwa. Yeye hatafuti uso laini wa kutengenezea kiatu cha ofisini. Ngozi itakatwa vipande na kuyeyushwa, kwa hiyo chapa ya moto na mkwaruzo wa mwiba vyote vinaishia sufuriani. Anachotaka ni vitu vinne: ngozi iwe ya mnyama mzima aliyepimwa na daktari wa mifugo, isiwe imeanza kuoza, iwe safi, na isiwe imeguswa na dawa ya kusindikia ngozi.

Maana yake ni kwamba ngozi ambayo leo haina mteja kabisa, kesho inaweza kuwa na mteja. Hatusemi tuache kupambana na chapa za ubavuni na kupe. Ngozi nzuri ya kiatu itaendelea kuwa na bei kubwa kuliko ya kuyeyushwa, na anayeweza kuuza daraja la kwanza asikubali kuuza la nne. Tunachosema ni kwamba ngozi mbaya nayo ni mali, isitupwe shimoni.

Mabaki ya aina mbili

Watu wengi wanapozungumzia mabaki ya kiwanda cha ngozi huyaweka yote kwenye fungu moja. Hilo ni kosa, na ndilo chimbuko la hatari.

Katika tani moja ya ngozi mbichi inayoingia kiwandani, ngozi iliyokamilika inayotoka ni kilo 200 hadi 250 hivi. Mengine ni maji, chumvi, manyoya, mafuta na vipande vya kila namna. Vipande hivyo vinagawanyika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza hutoka kabla ngozi haijatiwa dawa ya kuisindika: pembe za ngozi zinazokatwa, masikio, ngozi ya miguu, nyama na tando zinazokwanguliwa upande wa ndani, na tabaka la chini linalopatikana ngozi nene inapopasuliwa ikiwa bado kwenye chokaa. Fungu hili, na hasa vile vipande vya ngozi yenyewe, ndilo linaloweza kutoa jelatini ya kuliwa.

Fungu la pili hutoka baada ya ngozi kutiwa dawa. Viwanda vingi duniani hutumia chumvi za kromi, ambazo huipa ngozi rangi ya buluu. Kazi ya kromi ni kuishika kolajeni ili isioze na isiyeyuke kwenye maji ya moto. Ndiyo maana kiatu chako hakigeuki supu ukikanyaga dimbwi la maji ya moto. Atakayetaka kutoa jelatini kwenye vipande hivyo lazima kwanza aing'oe kromi kwa dawa kali, na hata akifanya hivyo, baki la kromi hubaki ndani.

Aprili 2012 televisheni ya taifa ya China, CCTV, ilifichua kwamba baadhi ya watengenezaji nchini humo walikuwa wakichemsha mabaki ya ngozi yaliyosindikwa, wakiuza jelatini yake kwa watengenezaji wa kapsuli za dawa. Kipimo kinachoruhusiwa China ni miligramu 2 za kromi kwa kila kilo. Katika dawa zilizopimwa, moja ilikutwa na zaidi ya miligramu 181. Mgonjwa alikuwa akimeza dawa ili apone, huku ganda la dawa likiwa limetokana na masalia ya viatu. Watu walikamatwa, viwanda vikafungwa, na wengi waliokuwa wakitengeneza kapsuli kwa haki waliumia pamoja na waovu. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Nchini Bangladesh nako mabaki ya viwanda vya ngozi yalikuwa yakichemshwa na kusagwa kuwa chakula cha kuku na samaki, hadi Mahakama Kuu ikaamuru mwaka 2011 kwamba jambo hilo likome. Kwa hiyo mfugaji wa kuku wa Kahama au wa Geita atakayeletewa unga wa bei ya chini unaoitwa wa "protini ya ngozi" aulize umetokana na nini kabla hajaununua. Vipande vyenye kromi visichomwe moto ovyo pia, kwa kuwa kromi ya kawaida inaweza kugeuka kwenye majivu na kuwa ile aina ya sumu kali inayosababisha saratani.

Kanuni za Umoja wa Ulaya zimelimaliza suala hili kwa sentensi fupi: ngozi iliyopitia hatua yoyote ya kusindikwa, hata kama haikukamilika, hairuhusiwi kutengenezea jelatini ya kuliwa. Hazikusema ngozi ya kromi peke yake. Hata ile iliyosindikwa kwa magome ya miti imo. Sisi tunaona kanuni hiyo inafaa ichukuliwe kama ilivyo na kila atakayeingia katika biashara hii hapa kwetu. Ni rahisi kuieleza, ni rahisi kuikagua, na haimpi mjanja mwanya wa kusema kwamba yeye ana dawa yake ya kuondoa kromi.

Dhahabu na zebaki

Ukanda wa dhahabu wa Geita una nafasi yake katika suala hili, na una angalizo lake.

Nafasi ni kwamba penye machimbo pana walaji. Tangu Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001, na kwa jinsi machimbo madogo yalivyosambaa, miji na vijiji vya wachimbaji vimekuwa vikila nyama kwa wingi. Ng'ombe wanatoka minadani Shinyanga na kwingineko Usukumani, wanachinjwa Katoro, Nyarugusu, Masumbwe na kwingineko. Nyama inaisha siku hiyo hiyo. Ngozi inabaki.

Angalizo ni zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu, na maji ya kuoshea mchanga huishia kwenye mabwawa na vijito. Kanuni za Ulaya tulizozitaja zinataka jelatini isizidi miligramu 0.15 za zebaki kwa kila kilo, miligramu 1 ya aseniki, miligramu 5 za risasi na miligramu 10 za kromi. Kipimo cha zebaki ndicho kikali kuliko vyote hapo. Mnunuzi akisikia ngozi imetoka Geita, swali lake la kwanza litakuwa hilo, na ana haki ya kuuliza.

Jibu halitapatikana kwa maneno. Litapatikana kwa mambo mawili. La kwanza, karo la kuchinjia na banda la ngozi visitumie maji ya bwawa au kijito kilicho jirani na mialo ya kuoshea dhahabu, na ngozi isianikwe juu ya ardhi ya eneo la machimbo. La pili, sampuli za ngozi zipimwe maabara mapema, kabla mtu hajaweka fedha yake. Kama vipimo vitakuwa vizuri, vitakuwa silaha ya muuzaji mezani. Kama vitakuwa vibaya, ni afadhali tujue sasa, maana basi tatizo si la ngozi peke yake, ni la nyama na maziwa tunayokula kila siku.

Suala la maji ni zito pia kwa sababu ya wingi wake. Kusindika tani moja ya ngozi ghafi kwa njia ya kawaida hutumia maji lita 30,000 hadi 40,000, na jelatini nayo inahitaji maji mengi na masafi. Shinyanga ni mkoa wa ukame. Bomba la maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele lilipofika Kahama na Shinyanga lilileta nafuu kubwa, lakini lilijengwa kwanza kwa ajili ya watu kunywa. Atakayetaka kujenga kiwanda aonyeshe atapata wapi maji bila kuwapunguzia wananchi, na maji machafu yenye chokaa atayapeleka wapi. Baraza la mazingira, NEMC, lisitoe kibali kwa ahadi tupu.

Kazi huanzia karoni

Turudi kwa mchunaji na mwenye bucha, maana hawa ndio watakaoamua kama kuna biashara au hakuna.

Kwa ukweli, katika mikoa yetu mabaki si vile vipande vinavyokatwa kiwandani. Mabaki ni ngozi nzima. Enzi za viwanda vya umma nchi ilikuwa na viwanda vya ngozi Moshi, Morogoro na Mwanza. Cha Mwanza, ambacho kilikuwa jirani yetu, kilikufa baada ya ubinafsishaji. Leo mwenye ngozi Bukombe anafikiria kuipeleka mbali, na gharama ya gari inakula bei yote. Ndipo anapoona heri kuitupa.

Ngozi huanza kuoza saa chache tu baada ya mnyama kuchinjwa, na kwa joto letu kasi inaongezeka. Ikishaoza haifai kwa kiatu wala kwa jelatini. Kinachoiokoa ni chumvi. Ngozi mbichi ya kilo 15 inahitaji chumvi ya kilo 4 hadi 6, ipakwe upande wa nyama, siku hiyo hiyo, baada ya kukwangua mafuta na nyama zilizobaki. Kisha zipangwe juu ya mbao au zege lenye mteremko ili maji yatoke. Kuwamba ngozi kwa fremu ni njia nzuri pia, mradi iwe kivulini chenye upepo na isiguse ardhi. Kuianika chini kwenye udongo ni kuiharibu kwa mikono yetu wenyewe.

Lipo jambo la kukataza kabisa. Ngozi ya kibudu, yaani mnyama aliyekufa mwenyewe, isiingie kwenye mnyororo huu. Ng'ombe aliyekufa ghafla anaweza kuwa na kimeta, na vijidudu vya kimeta hukaa kwenye ngozi kwa miaka. Anayemchuna anahatarisha maisha yake, na atakayechanganya ngozi hiyo na nyingine anahatarisha mzigo wote. Aitwe daktari wa mifugo, mnyama asipasuliwe, afukiwe shimo refu.

Halafu kuna daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila ngozi iandikwe: tarehe, machinjio, muhuri wa mkaguzi wa nyama, aliyechinja, uzito, chumvi ilitiwa saa ngapi. Baadhi ya wasomaji wataona huo ni usumbufu wa ofisini. Lakini kinachouzwa hapa, zaidi ya ngozi, ni uhakika kwamba ngozi hiyo ni salama na halali. Bila karatasi, uhakika huo haupo, na mnunuzi wa jelatini ya kuliwa hatakuja.

Hesabu kabla ya kiwanda

Tuchukulie machinjio yanayochinja ng'ombe 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na kila ngozi ina kilo 15. Hizo ni kilo 7,800 za ngozi mbichi kwa mwezi. Kwa chumvi ya kilo 5 kila ngozi, itahitajika tani 2.6 za chumvi. Katika kilo 100 za ngozi mbichi, jelatini inayopatikana ni kilo 10 hadi 20 hivi, kulingana na hali ya ngozi na ufundi. Kwa hiyo ngozi zote za mwezi mzima zingetoa jelatini ya kilo 780 hadi 1,560.

Hesabu hiyo inatuambia mambo mawili. Moja ni kwamba kiasi hicho si kidogo kwa kitu ambacho leo kinatupwa. La pili ni kwamba machinjio moja haiwezi kulisha kiwanda cha jelatini, ambacho kinahitaji mashine za kuchuja, kukausha na maabara yake, na kinahitaji ngozi kila siku bila kukatika. Yeyote atakayekuja mjini na mchoro wa kiwanda kikubwa kabla hajaonyesha nani atakusanya ngozi, kwa chumvi ya nani, na nani amekubali kununua jelatini yake, aambiwe arudi na majibu kwanza. Tumeona majengo mengi ya viwanda yaliyobaki kuwa mabanda ya popo.

Njia salama ni kwenda hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ni kuokoa ngozi kwa chumvi na kuzikusanya mahali pamoja. Isaka ina bandari kavu na reli, na barabara za Kahama na Geita zinakutana jirani, hivyo hapo ni mahali panapofaa kufikiriwa kuwa kituo. Hatua ya pili ni kuzichambua. Nzuri ziende kwenye viwanda vya viatu na mikoba, kikiwemo kile cha Karanga, Moshi. Mbaya lakini salama ziende kwenye chokaa, ziuzwe zikiwa malighafi ya jelatini kwa mwenye kiwanda popote alipo. Zile zisizofaa kuliwa lakini hazina kromi zinaweza kutoa gundi ya maseremala, bidhaa ambayo mafundi wa zamani wanaijua vizuri. Hatua ya tatu, soko likishajulikana na vipimo vikishazoeleka, ndiyo iwe kiwanda.

Tunatahadharisha pia kwamba mtu asichemshe ngozi uani kwake na kuuza jelatini kwa watengeneza mtindi au pipi. Jelatini ni chakula kizuri cha vijidudu, na isipotengenezwa kwa usafi wa hali ya juu ni hatari. Bidhaa ya kuliwa ipite Shirika la Viwango, TBS. Inayokwenda kwenye dawa ina mamlaka yake, TMDA. Gundi ya mbao inaweza kuanzia uani, jelatini ya kuliwa haiwezi.

Nini kifanyike

Sheria ya Biashara ya Ngozi ipo tangu mwaka 2008, na imeweka utaratibu wa uchunaji, madaraja na leseni. Mwaka 2012 ushuru wa kusafirisha ngozi ghafi nje ya nchi ulipandishwa kutoka asilimia 40 hadi 90, na umebadilishwa tena baada ya hapo. Nia ilikuwa njema, kwamba ngozi isindikwe nyumbani. Lakini ushuru haununui ngozi. Pale ambapo kiwanda cha ndani hakipo au hakinunui, ushuru mkubwa humwacha mwenye ngozi bila mteja wa ndani wala wa nje, na ngozi inaishia shimoni au kwenye njia za panya. Sera ya ngozi ipimwe kwa swali moja: je, mchunaji wa Ushirombo amepata pa kuuza?

Kwa hiyo tunatoa rai ifuatayo. Halmashauri za Shinyanga, Kishapu, Kahama, Bukombe, Mbogwe na Geita, ambazo zinatoza ada kwa kila ng'ombe anayechinjwa, zirudishe sehemu ya fedha hiyo karoni: zege, maji safi, visu vya kuchunia vyenye ncha butu visivyotoboa ngozi, na banda la chumvi. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambako teknolojia ya ngozi inafundishwa, ipewe ngozi zetu za daraja la nne izifanyie majaribio na kutueleza zinatoa jelatini ya nguvu gani. SIDO iwafundishe wachunaji walioungana kwenye vikundi. Vyama vya wafugaji navyo vianze kudai bei ya ngozi mnadani, badala ya kuiacha iwe zawadi kwa mwenye bucha.

Na wenye viwanda vya ngozi, walioko na watakaokuja, watenganishe mabaki yao kuanzia siku ya kwanza: pipa la kabla ya dawa na pipa la baada ya dawa, kila moja na mlango wake na gari lake. Mkaguzi akikuta yamechanganyika, mzigo wote uhesabiwe kuwa si chakula.

Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 35 haikuhitaji kuuza punda wake ili ijue kwamba ngozi ina thamani. Punda waachwe wabebe maji. Ngozi ya ng'ombe ipewe chumvi leo, iandikwe daftarini, iwekwe mbali na kromi na zebaki, na mnunuzi akija aikute ikiwa safi.